Gogo la Mvule Lililoota Uyoga

Baba yangu, Odoyo, alikuwa fundi wa mitumbwi ya mbao pale Pasiansi, kando ya ziwa, na mbishi hasa. Simtukani. Miaka ile ya tisini, sangara walipogeuka dhahabu na kila mwenye vijisenti akataka chombo upesi, mafundi wengi walijifunza kufumba macho. Baba hakujifunza.

Siku moja Venant, tajiri mpya wa samaki, alituletea gogo la mvule lichongwe mkuku, ule uti wa mgongo wa mtumbwi.

"Shikamoo, mzee. Nataka chombo kiwe majini mwezi huu."

"Marahaba." Baba alilizunguka gogo akilipapasa. Ubavuni palikuwa na makovu, yamekwanguliwa kwa panga na kupakwa oili chafu. "Hapa paliota uyoga."

"Nimeshautoa wote. Pako safi."

Baba akacheka, kicheko kibaya. "Umechuma tunda, mti umeuacha. Uyoga wenyewe umo ndani, unakula."

Akatoboa kwa keekee. Ukatoka unga mweupe, laini, wenye majimaji.

Nyumbani tulikuwa na wiki tatu bila kazi. Mimi, Akelo, bintiye, niliomba moyoni akubali tu. Naona aibu kusema, lakini niliomba.

"Siku hizi ni biashara huria, mzee," Venant akasema. "Ukikataa, kule Kigongo mafundi wamejaa."

Alisema kweli, na ndiyo maana baba alikasirika. Gogo lingekwenda kwa fundi mwingine, likapakwa rangi, likavunjika katikati ya ziwa na watu juu yake. Akachukua shoka. Kwa mapigo matatu tu gogo likapasuka kama muhogo wa kuchemsha. Mvule mzima haupasuki hivyo.

"Hili utalilipa," Venant akasema.

"Nishtaki. Na hivi vipande uvibebe mwenyewe mpaka mahakamani."

Venant akamgeukia Malimi, nahodha wake, aliyekuja naye kuleta gogo. "Wewe ndiye shahidi wangu. Umeona alivyoharibu mali yangu."

Malimi akainama, akaokota pande la mti, akalifikicha kiganjani mpaka likabaki vumbi.

"Nimeona, bosi. Tungepanda humo mimi na wenzangu watatu." Akajipangusa mikono kwenye suruali. "Nenda kashtaki. Wakiniita, nitasema nilichoona."