Maji ya Kumwagilia Zege

Tulipohamishiwa kijiji kipya upande wa Sikonge, miaka ya Ujamaa, tuliahidiwa mambo mengi. Mimi niliamini moja tu: tangi la zege la kukingia maji ya mvua kutoka kwenye bati la shule. Niliamini kwa ajili ya mama. Nyonga yake ilikuwa mbovu, na kisima kilikuwa kule mbugani, mwendo wa kumchosha hata mwenye miguu mizima. Tangi lingejengwa nyuma ya nyumba yetu, iliyopakana na shule. Mama alikuwa amekwishachagua na ndoo ya kwenda nayo.

Fundi aliletwa na lori la tumbaku kutoka Tabora mjini, mtu mpole aliyevaa kofia hata juani. Kilikuwa kiangazi. Wanaume walichanganya saruji, mchanga na kokoto, sisi tukasomba maji. Kabla ya kuondoka alitukusanya wanawake.

"Mama zangu, zege si la kukauka, ni la kukomaa. Lifunikeni kwa magunia, mlimwagilie asubuhi na jioni mpaka nirudi. Likikaushwa na jua mapema, mtaliona gumu, lakini nguvu halina."

Tulicheka. Jiwe la kunyonyeshwa hatukuwa tumeliona. Tukapanga zamu hata hivyo, na mama, asiyeweza kubeba ndoo kutoka kisimani, akajipa kazi ya kukagua magunia.

Zamu zilikuwa ndiyo kwanza zimeanza, akafa mzee jirani yetu.

Kwetu msiba hauachwi bila maji. Kila nyumba hupeleka ndoo yake ya kwanza, kwa maana kuna marehemu wa kuoshwa, na kuna watu wa kupikiwa mpaka matanga yaanuliwe. Kazi za kijiji husimama. Atakayeonekana anashika shughuli nyingine atasemwa mpaka achoke. Nilirudi kutoka mbugani na ndoo kichwani, nikamkuta mama amesimama kwenye tangi. Magunia yalikuwa makavu, upepo unayainua.

"Mama, nilimwagilie kidogo?"

Aliligusa zege kwa kiganja. Lilikuwa la moto.

"Peleka msibani," alisema. "Wenzako watapikia nini?"

Nikapeleka. Wote tulipeleka, siku zote za matanga.

Fundi aliporudi alitukuta tunamwaga maji kwenye lile tangi kama tuliopagawa. Alikwaruza ukuta kwa msumari, ukatoka unga. Akagonga kwa nyundo, akasikiliza, akaweka nyundo chini.

"Poleni kwa msiba," alisema kwanza. Halafu akasema, "Maji haya yamechelewa, mama zangu."

Nilitamani atugombeze. Angetugombeza ningekuwa na mtu wa kumchukia. Saruji nyingine tuliomba, tukaambiwa tusubiri, na tulisubiri mpaka tukaacha kuulizia.

Mvua za kwanza zilipokuja, tangi lilijaa. Mama alichota ndoo yake, akanawa miguu kwa maji mengi, anasa ambayo hakuwa ameipata tangu tuhamie. Alicheka peke yake pale. Kabla ya jioni ukuta ukatuna kidogo upande wa chini, kisha ukapasuka kutoka juu mpaka chini, bila kishindo. Maji yote yakapita mlangoni kwetu, yakateremka kwenda mbugani. Nililia kwa hasira, na mama akaniambia nikaanike magodoro.

Tangi likawa la mbuzi. Ndoo zangu peke yake hazikututosha, mama akarudia njia ya kisima, fimbo mkono mmoja na kibuyu mkono wa pili, akitoka alfajiri na kurudi jua limekuwa kali, mpaka nyonga ikamlaza kabisa.

Alikufa kiangazi. Majirani hawakuniangusha. Ndoo zao zote za kwanza zilikuja kwetu, zikapita kando ya tangi zikiwa vichwani, zikajaza mitungi, masufuria na pipa la kuazima. Tukamwosha, tukapika, tukanawa, na bado yakabaki. Ndiyo siku pekee nyumba ya mama ilipokuwa na maji ya kutosha.