Rekoda Mbili, Waya Mmoja

Fundi wa mitambo ya sauti wa Eldoret ana dawa moja kwa kila ugonjwa: kuongeza besi. Kwaya ikiimba, ongeza besi. Mhubiri akiomba kwa sauti ya chini, ongeza besi. Nimekaa kwenye sherehe za mji huu hadi meno yakatetemeka, na nilikuwa nimeapa kwamba siku nikitaka kurekodi kitu cha maana, hakuna fundi hata mmoja atakayegusa vyombo vyangu.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili alasiri, tamasha la kwaya katika ukumbi wa kanisa. Mama yangu ameimba katika kwaya ile tangu nikiwa mgongoni mwake, na hakuna aliyewahi kuinasa sauti yake. Jumatano iliyofuata angefanyiwa upasuaji wa goita shingoni, na daktari alikuwa amemwambia wazi kwamba sauti huenda isirudi ilivyokuwa. Kwaya ikampa ubeti mmoja aimbe peke yake. Mimi nikajipa kazi ya kuuhifadhi.

Nilikuja na rekoda mbili ndogo, za kushika mkononi. Nilizifunga kwenye stendi moja mbele ya kiti changu, safu ya tano, nikaziunga kwa waya: ya kwanza inasikia kwa maiki zake, kisha inaipitishia ya pili kile ilichosikia. Kadi ya moja ikiharibika, nyingine inayo. Nilikuwa nimejifunza hayo mtandaoni kwa miezi, na kusema kweli nilijiona profesa.

Fundi wa mitambo akaja, shati nje, mviringo wa utepe wa gundi umevaliwa mkononi kama bangili. Akainama, akaufuata waya wangu kwa kidole.

"Boss, ukiziunga hivi, hizi ni kama rekoda moja tu. Hii ingine si uipeleke kule mbele, karibu na kwaya?"

Nilimtazama juu hadi chini. "Wewe shughulika na spika zako."

"Sawa tu," akasema, akaenda zake. Debe tupu, nikawaza.

Tamasha lilianza kama nilivyotarajia. Mshereheshaji alitusalimu mara nne kwa sababu eti hatukuitikia kwa nguvu. Wanawake wa sauti ya kwanza waliikimbiza noti ya juu wakamwacha mwalimu wao nyuma, akipunga mikono kama mtu anayefukuza kuku kwenye mahindi. Niliyaona yote, na kila kosa nililoliona lilinifurahisha.

Mama alipopiga hatua mbele, yule fundi akapanda jukwaani, mgongo kauinamisha, akamsogezea maiki. Hapo nikaishiwa na subira. Nilivua hedfoni nikamgeukia mzee aliyekaa kando yangu, mkulima wa viazi kutoka Ainabkoi, mikono yake imetulia magotini. Nikamweleza makosa ya fundi moja baada ya lingine. Mzee aliguna tu, macho yake mbele. Nilipomaliza, watu walikuwa wanapiga makofi.

Wiki tatu baada ya upasuaji nilimpelekea Mama zawadi yake. Sikuwa nimeisikiliza kwanza. Mjuaji hakagui kazi yake. Nilimvalisha hedfoni nikakaa kumtazama. Alitabasamu, akafumba macho. Kisha akayafumbua, na tabasamu likaisha. Akazivua akanipa, nikazivaa.

Mama alikuwa mbali, nyuma, anaimba vizuri kuliko nilivyowahi kumsikia. Mbele yake, karibu kabisa na maiki, kulikuwa na sauti nzito ya mtu anayejipenda: "Shida ya watu wa huku, Mzee, hawajui kusikiliza." Iliendelea hivyo hadi ubeti ukaisha. Nikaichukua rekoda ya pili, nikabonyeza. Ilikuwa ni mimi tena, neno kwa neno, pumzi kwa pumzi. Nilijidharau kuliko nilivyowahi kumdharau fundi yeyote.

Nikaanza kusema kwamba labda kuna njia ya kuisafisha, kwamba kuna programu za kompyuta. Mama aliweka kidole kwenye kovu la shingo, jinsi anavyofanya siku hizi kabla ya kusema. Sauti ikatoka nyembamba, ya kukwaruza.

"Kumbe nikiimba wewe ulikuwa unaongea."