Tangazo Langu Baada ya Vifo

Mimi ni fundi wa redio hapa Kibuye, na kuna watu huniita mwerevu. Naomba waache.

Mvua ilikuwa inaingia kibandani, na nilikuwa nimeweka pesa ya mabati. Yote nikaipeleka redioni ili wanitangaze. Saa niliichagua mwenyewe: mara tu baada ya matangazo ya vifo, kwa sababu hapo mji mzima hunyamaza kusikiliza. Bwana Hamisi, jirani yangu muuza mitumba, aliniuliza kwa nini nisichore tu kibao pale njia ya Nyalenda. Nikamwambia vibao ni vya watu wa zamani.

Siku yenyewe nilitoa redio kubwa nje, watu wakajaa. Jina langu likasomwa: redio yako ikiharibika, mpelekee fundi wa Kibuye. Wakapiga makofi. Wiki nzima kila aliyepita alisema amenisikia vizuri kabisa. Hakuna aliyeleta redio.

Mwishowe akaja Mama Atieno, muuza samaki, na redio imefungwa kwa leso. Nikamwita Hamisi na soko lote la karibu waje wajionee faida ya tangazo. Kisha nikauliza kwa sauti kubwa:

"Mama, ulisikia tangazo langu siku gani?"

Akanitazama, akaitazama redio yake mezani.

"Ningelisikia na nini, Baba? Si ndiyo hii imekufa tangu mwaka jana?"