Sigara Tatu Kwenye Kikapu cha Akamwani

Ilikuwa Jumamosi, saa kumi na dakika ishirini jioni, Bibi aliposhuka kwenye bodaboda mbele ya nyumba yetu Kanazi. Saa naikumbuka kwa sababu nilikuwa na simu ya Mama mkononi, najiibia dakika kabla ya kwenda kuchota maji. Bibi ni mama yake Tata. Ndivyo tunavyomwita baba yetu. Alitoka Kishanda, kule Muleba, bila kutuambia, na wote tulijua kilichomleta. Alitaka kuona kwa macho yake kama mwanawe kweli ameacha sigara.

Mume wake, babu yangu, kifua ndicho kilichomwondoa. Sura yake siikumbuki, nakumbuka kikohozi tu. Tata alipoanza kukohoa vilevile, daktari alimwambia maneno ambayo Mama hakutaka kuyarudia mbele yetu. Jioni ile ile Tata akampigia Bibi simu, akaapa kwamba ameacha.

Alisema akamwani itamsaidia, ile kahawa ya kutafuna. Kwetu mgeni akiingia, kabla ya habari na kabla ya chai, anapewa kikapu kidogo chenye mfuniko. Ndani kuna buni zilizochemshwa na maganda yake zikakaushwa. Anachukua mbili tatu, anatafuna, ndipo maongezi yanaanza. Basi Tata akishikwa na hamu ya sigara alikwenda kabatini, akachukua kile kikapu, akapotea nacho nyuma ya migomba, akarudi anatafuna. Mama alimsifu mpaka kwa majirani. Mimi nilimsifu kimoyomoyo, maana kwangu kusema ni kazi.

Halafu siku moja nafua shati lake nikasikia harufu. Sikusema. Na niandike ukweli wote: harufu ile niliipenda. Nikiwa darasa la nne Tata alizoea kunituma jikoni nimwashie sigara kwenye kaa la moto, na ili isizime njiani nilikuwa navuta kidogo, mara mbili, mara tatu. Hakuna aliyeniona. Kwa hiyo nilijiona mshirika wake, na mshirika hamchongei mwenzake. Ila usiku nikisikia anakohoa nilijifunika shuka mpaka kichwani.

Bibi akakaa sebuleni. Tata akaitwa kutoka shambani, akaja anafuta utomvu wa migomba mikononi. Mama akanikonyeza. Nikatoa kikapu kabatini, nikapiga magoti, nikamnyooshea Bibi kwa mikono miwili, nikamkaribisha kwa neno la heshima la Kihaya.

"Karibu akamwani, waitu."

Nyuma yangu Tata alivuta pumzi kama mtu aliyekanyaga msumari. Bibi akafunua. Juu ya buni zilikuwa zimelala sigara tatu na kiberiti.

Hapo ndipo nilipoelewa. Mama hapendi akamwani, na sisi watoto hatukigusi kikapu kile ila kumpelekea mgeni. Pahali pazuri pa kuficha. Tata alisahau kitu kimoja tu, kwamba nyumba ya Mhaya haikosi mgeni.

Nilimtazama Bibi, nikaona mfuniko bado ameushika hewani. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"Ni zangu."

"Zako?"

"Ndiyo, Bibi."

"Wewe? Wewe ambaye hata chumvi kwa jirani unamtuma mdogo wako akuombee? Ulisimama dukani ukasema, nipe sigara?"

Mama alijishika mdomo, sijui kwa kicheko au kwa kilio. Mimi niliangalia sakafu. Nilijua kwamba Tata akinyamaza tu, nitabaki na sigara zile, na yeye atabaki na kifua chake.

"Mama, mwache mtoto," Tata akamwambia Bibi. "Ni zangu. Niliacha siku nne. Ya tano ikanishinda, na nikaogopa kukwambia kuliko ninavyoogopa kifua chenyewe."

Bibi akakivuta kikapu karibu. Alichagua buni moja, akainusa, akaitia mdomoni, akatafuna taratibu.

"Inanuka kama baba yako," akasema. "Yeye alizificha kwenye debe la mafuta ya taa. Mjinga yule, angetuchoma wote!" Tata akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kikohozi, na Bibi akangoja kiishe. "Mimi nilikuwa najifanya sijui. Nilimheshimu mpaka nikamzika. Wewe sitakuheshimu hivyo. Nimekuja na nguo za mwezi mzima. Siku nne si haba, kesho tunaanza tena siku ya kwanza."

Tata akazichukua zile tatu, akazivunja mwenyewe, akaenda kuzitupa chooni. Aliporudi alinikuta bado nimepiga magoti.

"Usinibebee tena mzigo wangu," aliniambia.

Nikamwambia, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri, habari za zile alizokuwa ananituma kuwasha, na jinsi nilivyokuwa nazivuta njiani. Alichuchumaa mbele yangu. Kisha akanishika kichwani.

"Kumbe tunaacha wawili," akasema.

Usiku ule alikohoa kama kawaida, na sikujifunika kichwa.

Asubuhi, kabla ya Misa, nilimwaga buni zote zilizonuka, nikakisugua kikapu, nikakianika juani. Kilipokauka nilitia buni mpya ambazo Bibi alikuja nazo toka Kishanda, zimefungwa kwenye jani kavu la mgomba. Tata alikuwa amekaa mlangoni na suruali yake ya kanisani, mkono unapapasa mfuko mtupu. Nikampigia magoti na kikapu, kama ninavyompigia mgeni. Akachukua mbili. Nikangoja mpaka aanze kutafuna, ndipo nikafunika.