Kilo Mbili kwa Kila Abiria

Siku yangu ya kwanza kwenye kiwanja cha ndege nilikabidhiwa filimbi na fimbo. Msimamizi wa Kiwanja, askari mstaafu aliyepiga shati lake pasi hata siku za vumbi, alinionyesha njia ya kurukia ndege, ukanda wa udongo mwekundu uliopita katikati ya malisho. Akaniambia kwamba ndege ikikaribia asione humo ng'ombe, mbuzi wala mtu wa baiskeli.

"Kazi ya kwanza ni ng'ombe," alisema. "Ya pili ni upepo. Ya tatu ni watu. Ukiiweza ya ng'ombe usijisifu, hiyo ndiyo nyepesi."

Nilidhani nitakaa mwezi mmoja. Niliacha shule darasa la tano, na tangu hapo sikuwahi kumaliza misimu miwili mahali pamoja. Nilipakua malori Tinde, nikakoboa mpunga Masumbwe, nikauza maji Nyahanga, nikashuka kwenye maduara upande wa Geita. Duara ndilo shimo la mchimbaji mdogo. Si kwamba kazi zilinishinda. Nikishajua kazi inavyokwenda, miguu huanza kuwasha, inataka njia. Pale kiwanjani nilishikwa na jambo moja tu: kila kilichotua kilitoka mahali ambako sijafika, na kila kilichoruka kilikwenda huko.

Ya upepo niliifahamu upesi. Juu ya mlingoti ilining'inia soksi ya upepo, mfuko wa kitambaa cha rangi ya chungwa. Ikijaa na kunyooka, upepo ni mkali. Ikilegea, hakuna upepo, na ndege nzito itakimbia mbali kabla ya kuinuka. Kando ya njia tulipanga mapipa kumi meupe. Rubani akianza kukimbia huyaona yakipita, naye anajua kufikia pipa la ngapi awe ameinuka au ameghairi kuruka.

Mwaka wa pili Msimamizi alinihamishia kwenye mizani, nami nikaanza kuelewa kwa nini alisema watu ni wagumu.

Ndege yetu ilikuwa ndogo, ya injini moja na viti kumi na viwili vya abiria. Katikati ya wiki ilibeba wafanyakazi wa migodi. Jumamosi ingelala bure, kwa hiyo wenye ndege wakaanzisha matembezi: inaruka asubuhi, inapita juu ya milima ya Geita, inafuata ukingo wa ziwa, inatua kisiwani. Abiria wanalala huko usiku mmoja na kurudi Jumapili jioni. Walikuja wauza mpunga wa Kahama, walimu waliojibana mwaka mzima, maharusi, na wenye maduara waliopata mwaka mzuri.

Kila abiria alipanda kwenye mizani na begi lake mkononi, nami niliandika kwenye karatasi ya uzito. Kapteni akijumlisha watu, mizigo na mafuta, anajua kama ndege itainuka. Kwingine nasikia watu hujipunguza wakipimwa. Kwetu ni kinyume. Mtu aliyeuza dhahabu maisha yake yote anajua kwamba mizani ya mnunuzi husoma pungufu, na kupunjwa ndiyo aibu kubwa. Basi walibishana nami wakidai waongezewe. "Mimi ni themanini na nane, umeniandika themanini na tano, hizo tatu umezipeleka wapi?"

Mbishi wao mkuu alikuwa Mzee Mabula, mwenye duara wa huko Geita, aliyesafiri nasi karibu kila mwaka. Mfukoni alibeba jiwe la mizani la kilo mbili, la chuma, lililong'aa kwa kushikwa. Hakuna mizani aliyoiamini kabla ya kuijaribu kwa jiwe lake. Alikuwa akiliweka, anasoma, anaguna, ndipo anapanda.

Miaka mitatu nilipima watu wakaenda kuona nisichokiona. Walirudi Jumapili wakisimulia jinsi maji yanavyobadilika rangi, jinsi maduara yanavyoonekana kama vitobo vya mchwa. Niliwauliza maswali mpaka wakanikimbia. Nililala nikiyafikiria, nikaamka nikiyafikiria. Mara mbili nilifunga begi niondoke, na mara zote mbili nililifungua, kwa sababu sikutaka kuondoka kabla sijaruka.

Kapteni alikuwa mama mmoja wa Kilimanjaro, mpole wa sauti, asiyerudia neno. Siku moja alinihurumia akasema kukibaki kiti, na uzito ukiruhusu, nitakwenda.

Ilikuwa Jumamosi ya joto. Soksi ilining'inia kama kitambaa cha jikoni. Matangi yalijazwa kwa sababu kisiwani hapakuwa na mafuta. Abiria walikuwa kumi na mmoja, kiti kimoja kitupu. Kapteni alinipa kikomo cha uzito cha siku ile. Kwa uzoefu wa macho nilikwishakadiria abiria wale, nikaona zitabaki kilo hamsini na mbili. Mimi nilikuwa na sabini na nne.

Kilo ishirini na mbili. Kwenye maduara nilikuwa nimejifunza jinsi wanunuzi wajanja wanavyofanya: hawachukui nyingi kwa mtu mmoja, wanachukua kidogo kwa kila mtu. Abiria kumi na mmoja, kilo mbili kila mmoja. Niligeuza uso wa mizani uelekee kwangu nikaanza kupima. Niliandika kwa mwandiko wangu wa kila siku. Hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo.

Mzee Mabula alikuwa wa mwisho. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaweka jiwe lake, akainama upande wangu kusoma, akaguna. Akapanda, akainama tena kusoma namba yake, akashuka, kisha akachungulia karatasi.

"Ng'wanawane," aliniita, mwanangu, "umenipunja kilo mbili."

Nikasema mizani ndivyo ilivyosoma.

"Mizani nimeipima, haina kosa. Mizani yako haiibi. Kalamu yako ndiyo inayoiba."

Watu walicheka. Mwalimu mmoja akamwambia mzee kwamba kilo mbili za tumbo hazina soko. Lakini Kapteni alikuwa amesimama nyuma yetu. Hakucheka. Aligeuza uso wa mizani kwa watu wote, akaomba kila mmoja apande tena, akaandika mwenyewe. Kila namba ilizidi yangu kwa mbili. Alipofika mwisho alitazama jina langu chini kabisa ya orodha, akaelewa.

Alinipeleka kando, chini ya bawa.

"Mnunuzi wa dhahabu akiiba kilo, inaondoka na yeye," alisema. "Hizi ulizoiba zimekwenda wapi?"

Akagonga ubavu wa ndege.

"Zimo humu humu ndani. Zinakaa na sisi."

Nikajitetea kwamba huenda ndege ingeinuka tu.

"Huenda. Sijui, na wewe hujui. Ndiyo maana tunapima."

Waliondoka bila mimi. Nilisimama na filimbi yangu nikiyahesabu mapipa. La tano, magurudumu bado chini. La saba. La nane. Iliinuka kwenye la tisa, ikapita juu ya miti ya mwisho kwa urefu nisiopenda kuukumbuka. Mle ndani kiti changu kilikuwa kitupu. Nilikaa chini kwenye vumbi, ng'ombe wakaingia njiani, sikuwafukuza.

Jumapili nilingoja nimefunga begi. Kapteni alishuka akamweleza Msimamizi kila kitu mbele yangu. Msimamizi akanirudishia fimbo. Nilichunga ng'ombe mwaka mzima. Niliporudishwa kwenye mizani, uso wake ulielekea kwa watu, namba ilisomwa kwa sauti, na abiria aliirudia ndipo niandike. Mzee Mabula ndiye aliyeudai utaratibu huo, na hadi naondoka ulikuwa bado unafuatwa.

Nilikaa miaka kumi na tisa. Hakuna anayenijua aliyeamini. Wengi walidhani nimetulia, lakini miguu iliwasha kila siku. Nilibaki kwa sababu nilikuwa na deni la uaminifu, na deni la namna hiyo hulipwa kidogo kidogo.

Jumamosi yangu ya mwisho, nikiwa bado sijaruka hata mara moja, Kapteni, mvi zimemjaa, aliniambia nipande kwenye mizani. Mzee Mabula, sasa anatembelea mkongojo, aliweka jiwe lake kwanza, akaguna, ndipo akanisomea kwa sauti ya mnada: "Themanini na moja." Nikarudia: themanini na moja. Ikaandikwa hivyo hivyo.

Ndege ilipoanza kukimbia wenzangu walitoa simu kupiga picha. Mimi nilihesabu mapipa. Tuliinuka kwenye la sita. Ndipo nilipoutazama ulimwengu, na Masumbwe ilikuwa imeshapita.

Wananiuliza niliona nini. Niliona ziwa, ni kweli wanavyosema. Lakini kabla ya ziwa niliona barabara ya vumbi, nyembamba, inatoka nyuma ya kilima na kuelekea machweo, na katika kutangatanga kwangu kote sijawahi kuipita. Nilimuuliza Kapteni inakwenda wapi. Hakujua.

Jumatatu nilianza kuitafuta kwa miguu.