Kicheko cha Kaka Yangu

Zamani sauti ya kaka yangu ilifika nyumbani kabla yake. Alikata mkonge katika shamba la Ngombezi tangu ujanani, na jioni aliporudi kambini, tulikoishi pamoja, nilimsikia akitaniana na watu wa kila kabila kabla sijamwona.

Mwaka huu kiharusi kilimpooza mkono wa kulia na kumwondolea maneno. Majirani wakaeneza kwamba amekuwa kiziwi. Mimi sipokei habari za barazani. Daktari wa Korogwe alinieleza kuwa masikio ni mazima; kilichoumia ni sehemu ya ubongo inayopanga maneno. Ile inayoyafahamu huenda ilisalia, ila ikifanya kazi polepole. Imesalia kwa kiasi gani, hakuweza kusema.

Nilipofika Ngombezi nilimkuta binti yake akifunga mizigo.

"Shikamoo, baba mdogo. Tumekubaliana ahamie kwangu Handeni. Nyumba hii tunaifunga."

"Marahaba. Yeye mmemwuliza?"

"Tumwulize nini, baba, na hasikii?"

Kaka alikuwa kitini, karibu na mlango. Kwamba anasikia nilijua; kwamba anaelewa, sikuwa na ushahidi wa kumbishia mtoto.

Ndipo akaingia mtani wake, mzee wa Kinyamwezi aliyekata mkonge pamoja naye. Baina ya Wanyamwezi na sisi Wazigua utani ni haki ya kale, tangu babu zao walipopita kwetu na mizigo ya misafara. Hata mgonjwa hasamehewi. Hakunong'ona kama sisi. Aliketi mbele ya kaka, akamkazia macho, akasema taratibu:

"Mzigua! Hujafa bado? Nimetoka nyumbani na sahani yangu ya kulia pilau ya matanga, kumbe..."

Hakumaliza. Kaka alikwisha kucheka, kicheko kilekile cha kambini, kinachoanzia tumboni na kuishia katika kikohozi. Kisha, wazi kabisa, likamtoka jibu lake la miaka yote:

"Beba mzigo wako, mpagazi!"

"Baba!" binti yake akapaza sauti. "Sema tena!"

Akajaribu. Zikatoka sauti zisizoshikana, machozi yakamlenga. Daktari alikuwa amenionya: maneno ya mazoea huweza kuchomoka yenyewe, hata pale mgonjwa asipoweza kuyaita. Kwa hiyo, kwangu, ushahidi haukuwa lile jibu. Ulikuwa kicheko. Mtu hachekei mzaha ambao haujamalizika bila kufahamu unakokwenda.

Niliwaomba wote wanyamaze, nikaketi alipokuwa ameketi mtani.

"Kaka, wanataka uhamie Handeni. Unataka kwenda?"

Nikasubiri. Trekta lililobeba mkonge likapita barabarani, mlio wake ukafifia, nami bado nasubiri. Hatimaye mkono wake wa kushoto ukanyanyuka, ukashika mwimo wa mlango na kuung'ang'ania. Akatikisa kichwa kukataa.

Binti yake akafungua mzigo mmoja, akatoa sufuria, akairudisha jikoni.

"Mwanangu," mtani akamwita, "usiiweke mbali. Sahani ninayo."

Kaka akacheka tena. Nikafumba macho, nimsikie kama jioni zile, kabla sijamwona.