Ondina Hauzi

Ondina Busetto hakuwapenda watalii, hakuwapenda watu wanaowapenda watalii, na tangu Januari hakumpenda hata Ruggero, mtoto wa marehemu kaka yake. Nyumba aliyoishi, ghorofa ya tatu upande wa Castello mjini Venisi, nusu ilikuwa yake na nusu ya Ruggero, na Ruggero alitaka iuzwe yote. Alileta wanunuzi mara kadhaa. Kila walipobisha, Ondina aliwajibu kupitia mlango uliofungwa kwamba ana ugonjwa wa kuambukiza. Nani atanunua nyumba asiyoiona ndani? Mambo yalikuwa yamekwama hapo asubuhi ile ya Machi, Norma alipompigia simu na kumwambia avae viatu vizuri, wakaone mji.

"Mji upi?" Ondina akauliza.

"Huu wetu. Umewahi kupanda mnara wa San Marco?"

"Nikatafute nini huko juu?"

"Leo nimezaliwa, shoga. Nataka tutembee kama watalii, mimi na wewe na Cesira. Siku moja tu ndiyo unaninyima?"

"Watalii," akasema Ondina, kama mtu anayesema panya jikoni. Lakini siku ya kuzaliwa ya mwenzako huwezi kuikataa, hasa ukiwa na umri wao. Akavaa koti, akafunga mlango mara mbili, akashuka.

Watatu hao walikutana wakiwa wasichana, katika chumba cha kupigia pasi cha hoteli moja kubwa yenye sakafu ya marumaru kila mahali isipokuwa walikofanya kazi wao. Norma aliondoka alipoolewa, Cesira aliondoka mapafu yalipochoka na mvuke, Ondina akabaki mpaka siku ya kustaafu. Hakuwahi kuzungumza na mgeni hata mmoja, lakini aliwajua wageni wa dunia nzima kwa shuka zao: wanaokula kitandani, wanaofuta viatu kwa taulo, wanaolia usiku wakaacha wanja kwenye foronya. Mtaani kwetu alipoulizwa kwa nini hawapendi, alisema kwamba wengine huwahukumu watalii kwa sura, yeye ameona ushahidi.

Kwenye foleni ya mnara walisimama nyuma ya kundi lililofuata mwavuli mwekundu. Kijana mmoja alinyoosha kijiti cha kujipigia picha kwa simu, kikapita sentimita chache mbele ya uso wa Ondina.

"Norma, mwambie hii ni pua yangu. Mnara uko kule."

"Usianze."

"Sijaanza. Nikianza utajua."

Cesira, ambaye maisha yake yote amekuwa akisimama katikati ya hao wawili, alicheka kidogo kisha akaitazama saa yake. Lifti iliwapandisha. Huko juu upepo ulikuwa mkali, na vigae vyekundu vilienea pande zote hadi baharini. Mifereji ya ndani haikuonekana hata mmoja, kana kwamba mji umejengwa nchi kavu kama mji mwingine wowote.

Norma akaelekeza kidole upande wa bara. Yeye alihamia Mestre tangu mumewe alipofariki. "Unayaona yale majengo? Kwetu ni pale, nyuma ya lile refu."

"Naona moshi."

"Ni mawingu, Ondina."

"Basi hata mawingu yenu yananuka."

"Yananuka, lakini tunapanda kwa lifti. Ukirudi na mfuko wa viazi, unabonyeza kitufe, unafika. Na ghorofa ya pili kuna nyumba itakuwa wazi mwezi ujao, jua linaingia mpaka saa kumi."

"Hongera kwa jua."

"Nakwambia wewe."

"Nimesikia unaniambia mimi. Nimekaa kimya ili nisikuharibie siku yako."

Walishuka, wakaingia kanisani bila kulipa, kwa vitambulisho vya wakazi. Dhahabu ilikuwa inang'aa darini, na chini yake watu mia mbili walikuwa wanaitazama kupitia simu zao. Hapo Norma alifanya jambo la ajabu. Alianza kusoma. Alisimama mbele ya kila picha, akasoma maelezo kwa sauti, polepole, mpaka mwisho, kisha akageuza ukurasa wa kijitabu alichokinunua mlangoni. Norma huyo husema misa yoyote ikizidi nusu saa padri anatafuta ugomvi.

"Mguu unaniuma," Ondina akasema. "Nakwenda zangu kula."

"Tutakula wote. Twende Rialto."

"Kwangu kuna supu."

"Supu haina miguu. Utaikuta."

Cesira akatazama saa tena.

Wakaenda Rialto, katika kibaa chembamba nyuma ya soko la samaki, mahali ambapo mwenye baa huwajua tangu nywele zao zikiwa nyeusi. Walisimama kaunta. Akawamiminia mvinyo mweupe katika vibilauri, akawawekea mkate wenye chewa mkavu aliyepondwa na mafuta ya zeituni mpaka akawa laini kama krimu, dagaa waliolala usiku kucha ndani ya siki na vitunguu, na ngisi aliyepikwa katika wino wake juu ya sima nyeupe. Ondina alikula vizuri. Alimtakia Norma maisha marefu, akamtania Cesira kwamba ana meno meusi kama mchawi, na kwa muda wa bilauri moja ungesema ni wale wasichana wa chumba cha pasi waliotoroka kwa mlango wa nyuma.

Kisha akajifuta mdomo. "Haya. Mmeniona, tumekula. Narudi nyumbani."

"Hatujala bado," Norma akasema. "Hiki kilikuwa cha kufungua tumbo. Sasa twende tukakae."

"Tukakae wapi?"

Norma akaongoza. Aliwapeleka ukingoni mwa Mfereji Mkuu, palipopangwa meza zenye vitambaa vyeupe, ambapo mhudumu huita wapita njia kwa lugha tano na chakula kimebandikwa picha ukutani ili mgeni asikosee. Norma akachagua meza. Akavuta kiti. Akaketi, akauweka mkoba mapajani, akamwomba mhudumu orodha ya vyakula.

Ondina hakuketi. Alibaki na mkono juu ya mgongo wa kiti, akimtazama. Sisi hapa tunakula tumesimama. Kaunta ndiyo meza yetu, na anayeketi ukingoni pale ni mgeni au ameishiwa nguvu ghafla. Norma mwenyewe ndiye aliyekuwa akilisema hilo kila walipopita, tena kwa sauti, ili waliokaa wasikie. Asubuhi ile alikuwa amepanga foleni, amesoma kijitabu, na sasa ameketi penye picha za tambi.

"Norma," Ondina akasema taratibu. "Nani yuko nyumbani kwangu?"

Mhudumu akaweka kikapu cha mkate katikati, akaondoka. Norma alifungua orodha, akaifunga.

"Cesira. Wewe huwezi kudanganya. Nani yuko nyumbani kwangu?"

"Ruggero," Cesira akasema, akianza kulia. "Na mke na mume kutoka Milano. Alisema wataangalia tu. Alisema ifikapo saa tisa watakuwa wameondoka."

"Ameingiaje?"

Cesira akazidi kulia. Funguo za akiba za Ondina zilikuwa nyumbani kwake, mlango wa pili wa ngazi ile ile ya Ondina, kwa sababu mtu anayeishi peke yake lazima funguo zake zikae kwa mtu.

"Kaa chini, nikueleze," Norma akasema.

"Kaa wewe. Umeshazoea."

Akaondoka. Boti ya abiria ilikuwa imejaa masanduku, kwa hiyo akatembea, na mguu ule mbovu. Kwenye kila daraja kulikuwa na watu waliosimama katikati wakipigana picha, na kwenye kila daraja Ondina alipita katikati yao bila kuomba njia. Bwana mmoja alimwambia apunguze mwendo, aufurahie mji. Ondina alimjibu kwa lugha ya Venisi, na ilikuwa heri kwa bwana huyo kwamba hakuielewa.

Mlango ulikuwa wazi. Jikoni, Ruggero alikuwa ameshika utepe wa kupimia upande mmoja na bwana wa Milano upande mwingine. Mke wake, mwanamke mpole mwenye koti la rangi ya maziwa, alikuwa akichungulia dirishani.

"Shangazi," Ruggero akasema. "Mbona umerudi mapema?"

"Nimewaharibia vipimo?" Ondina akavua koti, akalitundika. "Endeleeni. Hapo mnataka kuweka nini?"

Bwana wa Milano akatazama chini. "Tulifikiria kuuvunja ukuta huu, mama. Ili chumba kipate nafasi."

"Vunjeni. Mtavunja mpaka katikati, kwa sababu nusu ya pili ni yangu na mimi siuzi. Nitakuwa humu. Nitapika samaki kila siku na redio itasema tangu alfajiri. Mama yangu alifariki katika chumba kile akiwa na miaka tisini na sita, na alikuwa na afya mbaya kuliko mimi."

Mke akamgusa mumewe mkono. "Bwana Ruggero alituambia mmeshakubaliana," akasema.

"Alikubaliana na nani?"

Wageni waliaga kwa adabu, wakashuka, na utepe ukajirudisha ndani ya kasha lake kwa kelele.

"Unaniua, shangazi," Ruggero akasema. "Nina watoto wawili katika chumba kimoja."

"Uza nusu yako. Sikukatazi."

"Nani atanunua nusu yenye wewe ndani?"

"Hilo ni tatizo la nusu yako. Lete funguo."

Aliziweka mezani, akatoka, na kwenye ngazi akapishana na Norma na Cesira waliokuwa wakipanda wakihema. Norma aliingia bila kubisha, akaegemea jokofu mpaka pumzi ikarudi.

"Sasa nitasema na utanisikiliza," akasema. "Januari ulianguka kwenye ngazi hizi. Ulilala pale tangu asubuhi mpaka mchana, na mguu umepinda, watalii wa nyumba za kupangisha wakakuruka na masanduku yao. Ruggero alituomba msaada, nikakubali, na kesho akiniomba nitakubali tena. Sitaki siku moja nipigiwe simu kwamba umekutwa."

"Ungeniuliza."

"Nimekuuliza mara ngapi? Unajibu moshi, unajibu mawingu."

"Basi ulijibiwa. Leo hata siku yako ya kuzaliwa si leo, au ni leo?"

"Ni ya wiki ijayo," Norma akasema.

Ondina akatikisa kichwa. Lile lilimuuma kuliko utepe jikoni mwake. Kule kaunta alikuwa amemtakia maisha marefu kwa moyo wake wote. Alikwenda kwenye jiko, akawasha moto chini ya supu, akakoroga, akiwapa mgongo. Hakuna aliyewahi kumwona akilia na siku hiyo haikuwa ya kwanza. Lakini ngazi alizijua. Alijua zina vidato vingapi, alijua kipi kilimwangusha, na alijua kwamba siku ile ya Januari aliyesikia sauti yake, akashuka akiwa na viatu vya ndani na mapafu yake mabovu, alikuwa Cesira.

Akageuka, akachukua funguo mezani, akamsogelea Cesira.

"Shika."

"Umenisamehe?"

"Hapana. Shika. Huku juu wamebaki wageni wa wiki moja moja na wewe, na hao sitawapa."

Cesira akazipokea kwa mikono miwili, akazitia ndani ya mfuko wa sweta, akazibana na kiganja.

"Akija tena Ruggero?" Ondina akauliza.

"Nitamwambia nina ugonjwa wa kuambukiza."

Ondina hakucheka, ingawa alichelewa kidogo kufunga mdomo. Akatoa sahani mbili kabatini, akaziweka mezani. Norma alizitazama zile sahani, akazihesabu kwa macho, akangoja. Supu ilianza kuchemka.

"Na mimi?" akasema.

"Wewe una basi la Mestre la kuwahi," Ondina akasema, akakata mkate.